Chungu Kisichooshwa

Siku shangazi yangu Efrazia Hyera alipoambiwa kwamba choo chake kinatakiwa na Taasisi, hospitali ya utafiti ninayofanyia kazi, alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa ameketi uani kwake Lupombe, juu kwenye milima ya Umatengo, akichambua kahawa kwenye ungo. Mimi nilisimama mbele yake na sanduku la sampuli mkononi, mwanamke wa miaka hamsini, daktari wa bakteria, na viatu vyangu vya mjini vimejaa matope.

"Mavi yangu?" aliuliza. "Haya haya yangu, Skola?"

"Hayo hayo, Shangazi."

"Umesoma miaka yote ile, ukavuka na bahari, halafu umerudi kuniomba mavi?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi ngoja ninywe chai kwanza. Jambo lenyewe halitaki haraka."

Alikunywa chai vikombe viwili, taratibu, akinitazama kwa jicho la kunicheka. Kisha akafunga nguo zake kwenye khanga, akachukua bakuli lake la bati lenye ukingo wa buluu, lile lile tulilolia chakula nilipokuwa mdogo, akaingia garini. Gari la Taasisi lilijiendesha lenyewe na yeye hakuliamini hata kidogo. Kila kona alishika mlango kwa mikono miwili na kumwita Bikira Maria.

Njiani nilimweleza habari za watoto. Miaka ishirini na minne iliyopita nchi nzima ilipewa Mchanganyo, kapsuli moja yenye bakteria wa aina kumi na mbili, waliochaguliwa na kufundishwa kufukuza kila mgeni anayeingia tumboni. Kipindupindu kikaisha. Homa ya matumbo ikabaki vitabuni. Sitaki mtu aidharau kazi ile, maana mdogo wangu Solana alikufa kwa kuhara akiwa na miaka minne, nimemshika mkono, na Mchanganyo ungemwokoa. Waliozidi miaka hamsini hawakulazimishwa kumeza. Shangazi alikuwa na hamsini na mbili, akasema tumbo lake halijagombana na mtu, liachwe.

Sisi tuliomeza tukiwa wakubwa hatukudhurika. Shida ilikuja kwa watoto wa wale waliomeza wakiwa wachanga. Mtoto hupokea bakteria wake wa kwanza kwa mama, wakati wa kuzaliwa, na hawa walipokea kumi na mbili tu. Kumbe palikuwa na wa kumi na tatu ambaye hatukumjua, na kazi yake ilikuwa kupika chakula cha ukuta wa utumbo. Bila yeye, ukuta unanyauka. Mtoto anakula, anashiba, na anakonda. Tuliuita mnyong'onyo, na wadini kwetu walilala watoto ishirini na wawili.

"Na huyo wa kumi na tatu yuko wapi?" Shangazi aliuliza.

"Tumepima damu ya wazee mia nne. Karibu wote wamewahi kunywa dawa za kuua bakteria, wakamuua bila kujua. Alama yake tumeipata kwenye damu yako tu, ile uliyotoa zahanati."

Alijitazama tumbo. "Kumbe nina mpangaji," alisema, "na halipi hata kodi."

*

Tulimpa chumba kando ya wadi, chenye dirisha linalotazama bustani. Kazi yetu ilianza kila alfajiri. Alichotoa tulikipokea ndani ya kasha lisilo na hewa, tukakichuja, tukakitia kwenye kapsuli ndogo, na ndani ya saa mbili zilikuwa zimeshamezwa. Asubuhi moja ilitosha watoto wawili. Tulijaribu kuwagawia watatu, ikawa hakuna aliyefaidika, tukarudi kwenye wawili.

Watu wengi wameniuliza kwa nini hatukumfuga maabara. Tulijaribu, mpaka tukachoka. Hewa tunayovuta humuua, na barafu pia. Ukimweka peke yake, hata kwenye supu nzuri kuliko zote tulizowahi kupika, hufa siku ya tatu. Huishi kwa mabaki ya wenzake, na wenzake ni mamia, kila mmoja akila kilichoachwa na mwingine. Tumbo la Shangazi lilikuwa mtaa mzima, na sisi tulitaka kumhamisha mkazi mmoja tu.

Siku ya tisa, Adelhemu, mtoto wa miaka saba aliyekuwa wa kwanza kupewa, aliamka akaomba ugali na dagaa. Mama yake alikimbia ukumbini akipiga vigelegele. Shangazi alitoka chumbani kuona kuna nini, na alipoambiwa alikaa kitandani kwa mtoto, akamtazama akila mpaka mwisho.

"Sasa wewe ni mjukuu wangu wa tumbo," alimwambia. "Umebeba cha kwangu."

"Mavi yako, Bibi," alisema Adelhemu. Wadi nzima ikacheka, na mama yake akamfinya sikio.

Jioni zile Shangazi aliwakusanya akina mama na kuwasimulia habari za chungu cha togwa. Wengi wao hawakuwahi kuionja. Kwenye kampeni ya Mchanganyo vyungu vyote vya togwa na vibuyu vya maziwa ya mgando vilikusanywa na kuvunjwa, ili wageni wasipate pa kupitia. Nilikuwa mmoja wa maofisa waliopita nyumba kwa nyumba, nimevaa fulana nyeupe. Shangazi hakuitaja sehemu hiyo. Alisimulia ya zamani zaidi, akinitazama pembeni, na mimi nilijifanya ninasoma vipimo.

Nilikuwa na miaka tisa. Kwao Shangazi, uji wa mahindi ulipikwa, ukaachwa upoe mpaka kidole kivumilie, ukatiwa kimea cha ulezi, ukamiminwa kwenye chungu kilichobaki na togwa ya jana chini kabisa. Hiyo ya chini iliitwa mama. Chungu hakikuoshwa kamwe. Usiku kucha kilizungumza chini ya kitambaa, viputo vikipasuka kimoja kimoja, na mimi nililala nikikisikiliza. Asubuhi togwa ilikuwa tamu yenye ukali kidogo wa kuchoma pua. Nimekula vyakula vingi katika nchi nyingi, na sijawahi kuonja kitu nilichokipenda kama kile.

Shuleni mwalimu wa afya alitufundisha kuosha vyombo. Nikataka kumfurahisha Shangazi. Alipokuwa shambani, nilibeba chungu mpaka mtoni, nikakisugua kwa mchanga na sabuni ya mche mpaka kikang'aa, nikakianika juani, nikamngoja mlangoni huku nikijisifu moyoni.

Hakunipiga. Alikaa chini, akashika kichwa, kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Halafu akachukua bakuli la ukingo wa buluu, akanishika mkono, tukatoka. Ulikuwa mwezi wa njaa, kabla ya mavuno, na kila chungu kijijini kilikuwa na masimbi tu, yale mashapo ya chini. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Hodi. Chungu changu kimekufa. Nimekuja kuomba changu." Maana kila nyumba ilikuwa imepata mama kwake, au kwa mtu aliyepata kwake, siku ya harusi au siku ya kuhamia. Na kila mwenye nyumba alijibu, "Ni chako, chukua," akatia kijiko kimoja kwa mikono miwili. Nyumba saba, vijiko saba. Peke yake, kijiko kimoja kisingefufua chungu, lakini saba vilitosha, na siku ya tatu nikasikia chungu kikizungumza tena.

"Hapo ndipo msomi wenu alipoanzia kazi ya usafi," Shangazi alimalizia, na akina mama wakanicheka. Nilicheka nao.

*

Asubuhi ya kumi, ukitoa tatu zilizopotea kwa lile jaribio la watatu, tulikuwa tumewapa watoto kumi na wanne. Siku hiyo Shangazi alianza kukohoa. Mchana joto lake lilikuwa thelathini na tisa, na picha ya kifua ilionyesha nimonia kwenye pafu la kulia. Dawa yake tulikuwa nayo kabatini, sindano ya kiuavijasumu, dawa ya kuua bakteria. Sindano ya kwanza tu ingemsafisha tumbo lote ndani ya saa chache.

Dakta Otmar Gama, mkurugenzi wetu, aliniita ofisini akafunga mlango. Ni mtu mwema, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

"Dada Skola, wamebaki wanane. Asubuhi nne."

"Najua kuhesabu."

"Tumpe dripu na oksijeni. Tumpe kila kitu isipokuwa ile dawa. Asubuhi nne tu."

"Ana miaka sabini na sita, Otmar."

"Na Gaspari ana miaka mitatu." Akainamisha kichwa. "Ninachokuomba ni usimwambie. Ukimwambia, atakubali, na itakuwa kama tumemlazimisha. Asipojua, dhambi ni yetu sisi."

Nilifungua mlango, nikatoka. Nilisimama ukumbini nikiwa nimemkasirikia, na nimejikasirikia zaidi mimi, kwa sababu sehemu ya moyo wangu iliona ana hoja. Kisha nikaenda kwa Shangazi, nikakaa kitandani pake, nikamweleza yote: sindano, asubuhi nne, watoto wanane, na kwamba anaweza kufa akingoja.

Alisikiliza amefumba macho. "Nikipigwa hiyo sindano, chungu kinaoshwa?"

"Kinaoshwa, Shangazi. Chote."

"Na watoto hawajamaliza kuchota."

"Bado wanane."

"Sasa unaniuliza nini? Umewahi kuniona nikiosha chungu na watu wamepanga foleni mlangoni?" Akakohoa, akafuta mdomo kwa khanga. "Wachote. Wakimaliza, nidunge hata sindano kumi. Ila niahidi, Skola."

Nikamwahidi.

Asubuhi ya kwanza alikaa kitako mwenyewe, akatania manesi. Asubuhi ya pili walimshika mikono. Asubuhi ya tatu nilimbeba, na nikashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi, yeye aliyekuwa akipanda mlima na debe la maji kichwani bila kulishika. Watoto ishirini wakawa wamepata. Walibaki wawili, Editruda na Gaspari.

Saa kumi alasiri siku hiyo hiyo alianza kuweweseka. Aliniita Solana. Aliniambia nisiende mtoni peke yangu. Midomo yake ilikuwa ya kijivu na mashine ya oksijeni ililia kila dakika. Dirishani jua lilikuwa bado kali, watu walikuwa wakianika nguo bustanini, na mimi nilihesabu saa mpaka alfajiri, zilikuwa kumi na tatu. Nilijua asingefika. Au labda angefika, maana nimeona wazee wagumu kuliko yeye. Hapo ndipo penye hukumu yangu, sikuwa na hakika.

Nilikwenda kabatini. Nilimpita Gaspari akiwa mapajani kwa mama yake, akicheza na kifuniko cha chupa, shingo yake nyembamba ikishindwa kubeba kichwa. Mama yake aliniamkia. Nikaitika. Nikarudi chumbani, nikamdunga Shangazi ile sindano kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika saa na jina langu kwenye faili.

*

Aliamka kesho yake saa nne asubuhi. Joto lilikuwa limeshuka. Alitazama dari, kisha dripu, kisha mimi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Wamepata wote?"

Ningeweza kumdanganya. Otmar alikuwa ameshanishauri hivyo. Alisema mzee amepona, apumzike na moyo mweupe.

"Bado wawili," nilisema. "Nilikudunga jana."

Akageuza uso dirishani. Nje mtu alikuwa akifagia bustani, na nikausikiliza ufagio ule kwa muda mrefu.

"Mara ya kwanza ulikuwa mtoto," alisema hatimaye. "Mara ya pili, ulipokuja na fulana yako nyeupe, ulitumwa. Nilikuona ukikivunja chungu changu na ulikuwa unalia, nikakusamehe kabla hujafika getini. Na hii ya tatu, Skola?"

"Hii ya tatu niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kubaki peke yangu."

Nilisema hivyo nikaanza kulia kwa sauti, mwanamke mzima na koti jeupe. Yeye alinitazama, akaninyooshea mkono wenye dripu, akaniwekea kichwani kama alivyokuwa akifanya zamani anaponisuka. Alikuwa amekasirika, mkono ule ulinikandamiza kwa nguvu. Lakini hakuuondoa.

"Niletee bakuli langu," alisema.

"Shangazi, bado huli."

"Nani amesema nataka kula? Niletee bakuli."

Nikamletea. Akatelemsha miguu kitandani, akasimama ameshika chuma cha dripu, bakuli kwapani. Nilijaribu kumzuia, akanitazama jicho moja tu, nikamwachia njia. Tulitoka hivyo, yeye mbele na khanga ya hospitali, mimi nyuma nikisukuma mtungi wa oksijeni, mpaka wadini, mpaka kitanda cha kwanza. Adelhemu alikuwa akichora kwenye karatasi. Mama yake alisimama haraka.

"Hodi," alisema Shangazi. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi wadi nzima inyamaze ili isikike. "Chungu changu kimekufa. Nimekuja kuomba changu."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaona aibu kwamba mimi ndiye niliyetembea naye zile nyumba saba. Tulikuwa tumepiga hesabu kwamba mtoto aliyepona angehitaji mwaka mzima ili awe na wa kumi na tatu wa kutosha kumpa mwenzake. Hesabu ilikuwa sahihi, kwa mtoto mmoja. Kanuni ya Taasisi inakataza kuchanganya watu wawili kwenye kapsuli moja, niliiandika mwenyewe, na ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Hapa palikuwa na watoto ishirini, kila mmoja na masimbi yake chini kabisa. Kijiko, kijiko, kijiko. Huenda ingetosha dozi moja. Huenda mbili. Gaspari alikuwa amebakiwa na siku kumi za kuishi, Editruda labda zaidi kidogo. Nilimwona Otmar amesimama mlangoni, amesikia, midomo yake ikihesabu vitanda.

"Otmar," nilisema, "ile kanuni naifuta leo."

"Futa," alisema. "Nitasaini."

Mama Adelhemu alikuwa ameshapiga goti. Alilipokea bakuli kwa mikono miwili, na alikumbuka maneno yote, jinsi alivyoyasikia jioni zile.

"Ni chako, Mama. Chukua."

Kisha akamgeukia mwanawe, naye mtoto akatutazama sote, mmoja mmoja, akakunja uso kama mtu aliyeombwa kitu kizito.

"Bibi," alisema, "mimi leo nimeshakwenda. Labda kesho asubuhi."

Shangazi alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akashika mbavu, na mashine ikalia, na manesi wakaja mbio. Aliwapungia waondoke. Akaketi taratibu ukingoni mwa kitanda cha Adelhemu, akalipakata bakuli lake la ukingo wa buluu mapajani.

"Hamna neno, mjukuu wangu," alisema. "Nitangoja hapa hapa."

Nilivuta kiti, nikamchukua Gaspari kutoka kwa mama yake ili naye apumzike kidogo, nikaketi karibu na Shangazi, nikamlaza mapajani pangu. Nikainamisha sikio karibu na tumbo lake, kama nilivyokisikiliza chungu zamani. Tukangoja pamoja, mimi na Shangazi.